Muhogo wa Amani, mahindi ya Makutupora

Gare, wilayani Lushoto, mbegu ya mahindi bado hutunzwa nyumbani. Baada ya mavuno, mama mwenye nyumba huchagua mahindi marefu ambayo maganda yake yamefunga mpaka nchani, huyafunga mafungu na kuyatundika juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Kabichi, karoti na nyanya ni habari nyingine. Hizo mbegu zake hutoka kwenye pakiti ya dukani, nyingi ni chotara, na mazao yake hupakiwa kwenye malori kwenda Kariakoo. Kati ya mbegu ya kurithi na mbegu ya kununua limeingia jina la tatu, GMO, na limeingia pamoja na hofu. Nyanya ikikaa wiki nzima bila kulainika, utasikia mtu akisema, "Hizi ni zile za GMO."

Sizo. Chotara hupatikana kwa kuchavusha mimea miwili ya jamii moja, kazi ambayo upepo na nyuki huifanya kila siku. GMO ni mmea ambao mtaalamu ameuingizia maabarani kinasaba mahususi, hata kama kimetoka kwenye bakteria au virusi. Hapa Tanzania hakuna mbegu ya aina hiyo iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima. Hata hivyo swali la nani abadilishe chakula chetu, na kwa faida ya nani, ni la zamani kuliko GMO, na sehemu kubwa ya historia yake imepita kwenye milima hii hii ya Usambara.

Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, aliandika kuhusu mazao ya Usambara, na humo akaeleza ugonjwa unaokunja na kudumaza majani ya muhogo. Ndiyo maelezo ya kwanza ya kitaalamu ya batobato, ugonjwa ambao baadaye ulitesa mashamba kote Afrika. Miaka michache baadaye serikali ya Kijerumani ilifungua shamba la majaribio Kwai, jirani na Gare, ili kujaribu mboga, viazi na mifugo ya Ulaya. Kisha mwaka 1902 ikaja taasisi kubwa zaidi ya utafiti wa kilimo, kule Amani, Usambara Mashariki.

Waingereza waliirithi Amani, na hapo ndipo ilipofanyika kazi ambayo kwa maoni yangu ni fahari ya milima hii, ingawa watoto wetu hawafundishwi shuleni. Mwaka 1936 mtafiti H. H. Storey alitangaza ugonjwa wa pili wa muhogo, michirizi ya kahawia, alioukuta maeneo ya chini ya Usambara. Ugonjwa huu ni wa hila. Shina linaweza kuonekana zima na majani yakawa ya kijani, lakini ukichimba na kupasua mzizi unakuta madoa ya kahawia, makavu, yasiyoiva hata ukichemsha kutwa. Kwa watu wa Tanga wanaokula bada, ugali wa muhogo, hiyo ni njaa inayojificha ardhini.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols waligundua kuwa hakuna muhogo wa kawaida wenye kinga ya kutosha. Wakaugeukia mti wa mpira wa Ceará, ndugu wa mwituni wa muhogo, ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa wingi uwandani kabla ya bei ya mpira kuanguka mwaka 1913. Wakauchavusha na muhogo. Kizazi cha kwanza kilikuwa na kinga, ila kilifanana zaidi na mti kuliko chakula, mizizi yake haikuwa na kitu. Ikabidi kukirudisha kwa muhogo, tena na tena, kila safari wakitupa miche mingi na kubakiza michache. Kazi ilianza miaka ya 1930 na D. L. Jennings akaiendeleza hadi miaka ya 1950.

Matunda yake yapo hadi leo. Mche mmoja wa Amani, uliopewa namba 46106/27, unalimwa kusini mwa Tanzania kwa jina la Namikonga na pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Uzao mwingine ulipelekwa Nigeria, ukawa chanzo cha mihogo yenye kinga dhidi ya batobato iliyosambazwa Afrika Magharibi na Kati. Mkulima alikata pingili akampa jirani, jirani akampa shemeji. Hakukuwa na leseni.

Teknolojia mpya ya GMO inadai kufanya kazi ya miaka ishirini kwa muda mfupi zaidi, na kwa muhogo dai hilo lina msingi. Wanasayansi wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Marekani na Uganda, waliingiza kwenye muhogo kipande cha vinasaba vya virusi vya michirizi yenyewe, ili mmea uwatambue adui zake na kuwazuia. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayoteknolojia ya Kenya iliridhia muhogo huo uendelee na majaribio ya wazi.

Kwa Gare, kiazi kina uzito zaidi. Mvua zikishika, ugonjwa wa ukungu hushuka kwenye viazi mviringo, na mkulima hutembea na bomba mgongoni akipuliza dawa, mara nyingi bila glovu wala barakoa. Kachwekano, kusini magharibi mwa Uganda, kiazi aina ya Victoria kiliongezewa vinasaba vitatu kutoka kwa ndugu zake wa mwituni, kikastahimili ukungu bila dawa. Dawa inayopunguzwa ni fedha inayobaki mfukoni, na sumu isiyoingia kwenye chemchemi. Mtu anayepinga GMO kwa jina la afya lazima alijibu hilo.

Kuhusu kula, Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko kwenye soko la kimataifa vimepimwa na havielekei kudhuru afya, ila kila kimoja kipimwe kivyake. Sharti hilo lina sababu. Mwaka 1996 ilithibitika kuwa soya iliyoongezewa kinasaba cha njugu ya Brazili ingeweza kuwadhuru watu wenye mzio wa njugu hiyo. Ilizuiwa kabla ya kufika sokoni, kwa sababu kuna aliyepima.

Mimi nina wasiwasi zaidi na shamba. Afrika Kusini walipanda mahindi yenye kinasaba cha kuua funza wa mabua, na kufikia 2007 ilishatangazwa kuwa funza wamezoea sumu hiyo. Wakulima wengi hawakuwa wakipanda pembeni ukanda wa mahindi ya kawaida kama walivyoelekezwa. Sasa tazama Gare, ambako matuta ya familia moja yanagusana na ya nyingine na chavua ya mahindi husafiri na upepo. Jirani akipanda mbegu yenye hakimiliki, yale mahindi yaliyotundikwa juu ya meko yatakuwa ya nani?

Tanzania iliridhia Itifaki ya Cartagena, ya usalama wa kibayoteknolojia, mwaka 2003 na kutunga kanuni kali mwaka 2009. Zililegezwa kwa watafiti mwaka 2015, na Oktoba 2016 mahindi ya kwanza ya GMO yalipandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio, yakitafutiwa uwezo wa kustahimili ukame. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio yasitishwe na masalia yateketezwe, ikilalamika kuwa matokeo yametangazwa bila idhini. Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akayafuta kabisa. Kenya nayo ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO Novemba 2012 kwa kutegemea utafiti wa Ufaransa ambao jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka uliofuata, ikafungua milango Oktoba 2022, kisha kesi zikafuata mahakamani.

Kukataa kuuza mbegu ambayo hatujairidhia ni haki yetu, na ninaiunga mkono mpaka mkulima mdogo alindwe kisheria dhidi ya madai ya wenye hakimiliki. Kuteketeza majaribio ni jambo lingine. Ukungu wa viazi haukusitishwa, na mahindi ya jirani zetu hayatakoma mpakani kwa sababu sisi hatujui kuyapima. Wizara na TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, warudishe utafiti mikononi mwa wanasayansi wetu, kwa fedha za umma, na mbegu itakayopatikana iwe mali ya umma kama ulivyokuwa muhogo wa Amani. Yaliyoonekana Makutupora yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe kwenye mikutano ya vijiji, Gare ikiwemo, kabla ya yeyote kusema ndiyo au hapana kwa niaba ya wakulima.