Fideli ya Uhabeshi na Wanafunzi Wake

Aliyepata kuketi jamvini katika chuo cha pwani, akaimba alifu na bee kabla hajajua maana ya neno moja la Kiarabu, hatastaajabu akisikia habari za vyuo vya kanisa la Uhabeshi, ambako kwa karne nyingi watoto walikusanyika kivulini mwa mti au uani mwa kanisa, wakighani kwa sauti kuu herufi za lugha ambayo mama zao hawakuisema nyumbani. Lugha hiyo ni Kigeez, iliyokwisha kutoka vinywani mwa watu ikabakia ya ibada, na herufi zake huitwa fideli. Kiamhara, ambacho leo hudhaniwa ndicho mwenye mali, kiliziazima tu.

Asili yake ni herufi za Arabuni ya Kusini, zilizokuwa konsonanti tupu, kama khati ya Kiarabu isiyotiwa irabu. Katika karne ya 4, zama za Mfalme Ezana wa Aksum, aliyeingia Ukristo kwa mkono wa Frumentius, ndipo irabu zilipotiwa, wala si kwa alama za juu na chini, bali kwa kuugeuza mwili wa herufi wenyewe: huku mguu umerefushwa, huku umefupishwa, kwingine kimepachikwa kijiduara. Hivyo kila herufi ikapata sura saba, nazo, baada ya ile ya kwanza inayoitwa geez, huitwa kaib, salis, rabi, hamis, sadis na sabi, majina ambayo ajuaye Kiarabu atautambua udugu wake pasipo kuambiwa. Herufi za Kigeez zilikuwa 26. Waamhara wakaongeza zao kwa sauti kama sh, ch na ny, zikatimia 33, yaani maumbo 231.

Hata hivyo khati hiyo haisemi yote. Sura ya sita yaweza kuwa na irabu fupi au isiwe nayo kabisa, na shadda haina alama, hata neno ala, lenye maana ya alisema, na alla, lenye maana ya yupo, huandikwa sawasawa. Ndiyo maana sikio lilitangulia jicho, na mwalimu akatangulia kitabu.

Mwalimu huyo alianza na ha, hu, hi; kisha, kwa kuchelea mtoto asije akawa ameshika wimbo bila kuitambua herufi, aliuvuruga mpango akaanza upya kwa a, bu, gi, da, ambamo herufi hubadilika pamoja na irabu yake. (Ni hila ambayo walimu wetu wa chuo wangeipenda.) Ukafuata Waraka wa Kwanza wa Yohana, na hatimaye Zaburi za Daudi, zote 150, na aliyezimaliza alihesabiwa amehitimu, wazazi wake wakafanya karamu.

Lakini aliyehitimu hivyo kwa kawaida hakujua kuandika. Kuandika kulikuwa kazi ya mikono, iliyoshikwa na mafundi waliotengeneza ngozi za mbuzi, wakachonga kalamu za matete, wakachanganya wino wa masizi, na wino mwekundu kwa majina matakatifu. Na watu waliwaogopa kidogo, kwa kuwa mkono unaonakili Zaburi ndio uliojua pia kuandika talasimu. Basi msomaji na mwandishi walikuwa watu wawili, kila mmoja na heshima yake, na sioni kwamba Wahabeshi wa zamani waliona upungufu wowote katika jambo hilo.

Kiamhara nacho kilikaa muda mrefu mlangoni. Hiob Ludolf, Mjerumani aliyesomeshwa na kasisi Mhabeshi, Abba Gorgoryos, alichapisha sarufi ya lugha hiyo mwaka 1698, ilhali mambo ya wafalme huko Uhabeshi yaliendelea kuandikwa kwa Kigeez hata ilipofika enzi ya Tewodros II, aliyetawala tangu 1855 mpaka 1868, ndipo habari zake zikaandikwa kwa lugha ya watu. Mwaka 1908 Menelik II alifungua skuli Addis Ababa, akaleta walimu Wakibti kutoka Misri, na mwanafunzi akapewa kitabu na kalamu pamoja. Kwa wakulima wengi siku hiyo ilichelewa mpaka kisomo kilichoanzishwa mwaka 1979, ambapo watu wazima walikaa darasani mbele ya jedwali lile lile la fideli, wakaanza, kama watoto wa uani mwa kanisa, kwa ha, hu, hi, ila safari hii wakiwa na kalamu mkononi.