Kafeli au Hakuchaguliwa?

Liko neno moja lililowaumiza watoto wa mkoa wa Pwani kuliko fimbo ya mwalimu. Neno lenyewe ni "kafeli". Husemwa uani kwa sauti ya chini, hurudiwa kisimani, na mtoto wa miaka kumi na minne hulibeba mpaka uzeeni. Hivi, kafeli nini? Nani aliyempima, na kwa kipimo gani? Ndugu msomaji, kujibu swali hili huna haja ya kwenda mbali. Panda gari la Kisarawe, halafu siku nyingine upande la Kibaha. Jibu liko huko.

Tuanze Kisarawe. Mwaka 1925 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikihamisha chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, wakakileta Minaki, katikati ya nchi ya Wazaramo. Minaki ikawa moja ya shule kubwa za Tanganyika. Wanafunzi wake walitoka kila kona, kwa njia ya shule za misheni. Lakini mzee wa Kizaramo, Mwislamu, aliyempeleka mwanawe kwa maalim akasome Kurani, aliiogopa shule ya misheni kwa kudhani mtoto atarudi na dini nyingine. Shule ilikuwa mlangoni kwake, na haikuwa yake.

Kibaha nayo ilikuja na Uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilikubaliana na Tanganyika kujenga kituo pale Tumbi, kando ya barabara ya Morogoro: sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima. Sekondari ilianza mwaka 1965, na tarehe 10 Januari 1970 kituo chote kikakabidhiwa kwa serikali. Shule ilikuwa na maabara na mabweni ya kutamanika. Hiyo pia ilikusanya vijana kutoka nchi nzima. Wa Pwani waliingia, usidhani hawakuingia: Jakaya Kikwete, mtoto wa Msoga, Bagamoyo, alisoma hapo mwaka 1966 mpaka 1969. Lakini kwa kila aliyeingia, wengi mno walibaki nje ya uzio wakichunga mbuzi.

Kwa nini? Hapa ndipo neno "kafeli" linapoanza kunuka. Baada ya Uhuru nafasi za sekondari zilipangwa kwa hesabu ya kazi: nchi inahitaji wahandisi wangapi, waganga wangapi, makarani wangapi. Viti vilihesabiwa kwanza, mtihani ukafuata. Mwalimu Nyerere hakulificha jambo hili. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliandika kwamba ni kama watoto 13 tu katika kila 100 wa shule za msingi watakaopata nafasi ya sekondari. Ndiyo maana alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili, badala ya kuwa ngazi ya kupandia kwa wachache.

Kisha ikaja UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977, na madarasa yakafurika. Huku chini mlango ulipanuliwa, kule juu ukabaki tundu la sindano. Watoto wa wimbi lile walipofika darasa la saba, katikati ya miaka ya 1980, waliopata nafasi katika sekondari za serikali hawakufika 5 kwa kila 100. Hebu niambie, katika darasa la watoto 40 wakichukuliwa wawili, wale 38 wote ni wajinga?

Tena haukuwa mtihani mtupu. Baraza la Mitihani liliundwa mwaka 1973, lakini uchaguzi ulikwenda pia kwa mgao: kila mkoa na wilaya ina fungu lake, wasichana kwao na wavulana kwao. Nia ilikuwa njema, maana bila mgao mikoa iliyotangulia kwa shule ingejaza kila kiti. Lakini maana yake ni kwamba hapakuwa na mstari mmoja wa kufaulu kwa nchi nzima. Alama zilezile zingeweza kukupeleka bwenini ukiwa wilaya hii, na kukurudisha shambani ukiwa wilaya ile.

Mzazi hayo hakuelezwa. Mfikirie mama wa Maneromango au Mlandizi, miaka hiyo, amefika shuleni na kanga yake begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuulizia mwanangu."

"Jina halimo, mama."

"Kwa hiyo kafeli?"

"Jina halimo."

Mwalimu ataongeza nini? Naye ameletewa orodha ya majina ya waliochaguliwa. Alama za wengine hana.

Basi mama anarudi nyumbani, na hapo ndipo historia yenyewe inapoanza, maana wazazi hawakukaa kimya. Mwenye ndugu mjini alimhamisha mtoto, akamrudisha darasa la sita kwenye shule nyingine, mara nyingi kwa jina la mtoto aliyeacha shule. Kurudia kulikatazwa, lakini kulifanyika. Wapo watu wazima leo wanaoitikia majina ambayo mama zao hawakuwapa.

Wengine walijenga. Chama cha wazazi, TAPA, kilikuwa kikifungua shule tangu enzi za kudai Uhuru, na mrithi wake, Jumuiya ya Wazazi, akaendelea na sekondari. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti, na kabla ya muongo kwisha sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Ubora ulitofautiana, na ada iliwashinda wengi. Aliyeuza korosho msimu mzuri alilipa muhula mmoja, wa pili akabangaiza.

Wengine walitafuta ufundi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, na cha Kibaha kiliota kwenye mafunzo yale ya wakulima. Useremala, ushonaji, umeme: mikono mingi iliyoijenga Dar ilipitia vyuo vya namna hiyo.

Msichana alikuwa na hesabu yake. Kwa Wazaramo mwali huwekwa ndani na kuchezwa mkole. Jina lisipokuwemo kwenye orodha, posa ilikuwa njiani, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu aolewe na miaka 15. Kaka yake alipakia mkaa kwenye baiskeli akaelekea mjini. Huko, mwaka 1983, akakutana na Nguvu Kazi: asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa kama mzururaji na kurudishwa kijijini. Shule haina kiti, mji haukutaki. Uende wapi?

Mlango ulipanuka mwaka 2006 na kuendelea, sekondari za kata zilipojengwa kila pembe kwa michango na nguvu za wananchi. Watu wakazicheka, wakaziita "yebo yebo", kama zile kandambili za bei poa. Kweli walimu walikuwa haba na maabara hazikuwepo. Lakini viti viliongezeka, na ghafla "wajinga" wakapungua! Watoto walikuwa walewale. Mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ikafutwa katika shule za serikali.

Leo mzazi anaona matokeo: masomo sita, 50 kila moja, jumla 300. Swali limehama kutoka "kachaguliwa?" kwenda "kapangwa wapi?" Wenye alama za juu kabisa huenda shule za vipaji maalum kama Kibaha, Ilboru na Mzumbe, wengine ufundi, wengine bweni, na walio wengi kutwa ya kata. Mgawanyo wa zamani bado unapumua ndani ya huu mpya.

Na jeraha halijapona. Mwaka 2017, serikali ilipohakiki vyeti, watumishi walioishia darasa la saba waliondolewa kazini, wakiwemo madereva na wahudumu wa miaka mingi. Mwaka 2018 walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 wakarudishwa. Orodha iliyobandikwa walipokuwa na miaka kumi na minne iliwafuata mpaka na mvi.

Wewe unayejifunza kuandika, una kazi ya kufanya. Nenda kakae na baba, na mama, na mjomba aliyeishia la saba. Waulize darasa lao lilikuwa na watoto wangapi na walichukuliwa wangapi. Ukishaipata hesabu hiyo, iandike, kisha umsomee mjomba kwa sauti. Huenda tangu azaliwe hajawahi kuambiwa kwamba hakufeli.