Missa Luba: Kwaya Iliyoimba na Dunia Ikasikia



Tulipokuwa tukiandaa kijitabu hiki cha Jubilei, tulifungua sanduku la kaseti za zamani za kwaya yetu. Juu ya majalada tulikuta jina la kwaya, jina la parokia na orodha ya nyimbo. Waliotunga na walioongoza hawakutajwa. Wazee wetu walikumbuka baadhi yao. Majina mengine yamezikwa pamoja na wenyewe. Hapo ndipo tulipokumbuka albamu moja ambayo kila mwanakwaya angefaa kujua habari zake.

Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1953, nchi hiyo ikiwa bado koloni la Wabelgiji. Kule Kamina, katika Katanga, aliunda kwaya ya wavulana na walimu wa shule. Iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji.

Siku hizo Misa ilikuwa ya Kilatini, na ngoma zetu zilibaki nje ya mlango wa kanisa. Wanakwaya wa Kamina hawakubadilisha maneno. Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei zilibaki kwa Kilatini. Walichobadilisha ni mahadhi: waliyaimba maneno hayo kama walivyoimba kwao, kiongozi akianza na wengine wakiitikia, ngoma zikishika mwendo. Hawakuwa na karatasi ya nota. Nyimbo zilipatikana mazoezini, kinywani mwa waimbaji wenyewe. Mwimbaji kiongozi alikuwa mwalimu Joachim Ngoi.

Misa hiyo, Missa Luba, iliimbwa mwaka 1958 huko Kamina. Mwaka huohuo kwaya ilisafiri hadi Ulaya, na santuri ikarekodiwa. Ilikuwa miaka 5 kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kupitisha, Desemba 1963, hati ya Liturujia iliyofungulia mlango lugha na muziki wa mataifa. Tunapopiga kayamba leo wakati wa Utukufu, tukumbuke kwamba kuna waliotutangulia.

Santuri hiyo ilifika mahali ambapo Padre na wavulana wake pengine hawakupawazia. Sanctus iliwekwa katika filamu ya Kiingereza, If...., ya mwaka 1968. Mwaka uliofuata ilitolewa kama santuri ndogo, ikaingia katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza. Wimbo wa Misa ulisimama humo pamoja na nyimbo za dansi na za mapenzi!

Kenya nayo ina sehemu yake. Mwaka 1990 ilitoka albamu ya Missa Luba iliyoimbwa na Muungano National Choir, chini ya mwalimu Boniface Mganga. Kwa kuwa ile ya kwanza ilizaliwa bila nota, Wakenya hao hawakuwa na sababu ya kuiga kila sauti. Waliiimba kwa namna yao, na wengi ng'ambo waliijua Misa hii kupitia sauti za Kikenya.

Lakini liko jambo linalotugusa. Nota ziliandikwa baadaye kutokana na kilichorekodiwa, na kitabu chake kikatoka kwa jina la Padre Haazen. Hatumlaumu, bila yeye huenda tusingesikia chochote. Hata hivyo, wale wavulana waliotafuta sauti ya pili na ya tatu mpaka zikakubaliana, majina yao ni wangapi wanaoyajua? Kwaya nzima ilitunga, na jina moja likaandikwa.

Sisi tumefanya vibaya zaidi, kwa maana hatukuandika hata moja. Hakuna aliyetunyima, tulidhani tutakumbuka daima. Basi zawadi yetu kwa Jubilei hii ni daftari. Litakuwa mezani karibu na mlango mkubwa baada ya Misa. Ukijua nani alitunga wimbo gani, nani aliongoza, nani alipiga ngoma, liandike jina lake, hata kama ametangulia mbele ya haki. Hasa kama ametangulia.

Mungu awabariki, na mazoezi ni Jumamosi kama kawaida.