Mama Irena na Majina ya Watoto wa Warsaw

Katika miji yetu ya Kongo watu wengi wanajua asistanti sosiali ni nani. Ni yule mama anayepita nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, akiuliza: Watoto ni wangapi? Nani anasoma? Nani mgonjwa? Wengine humcheka kwa sababu ya daftari lake. Basi, leo tunataka kuwasimulia habari za mtu mmoja wa kazi hiyo, mama wa nchi ya Polandi, aliyetaka kuuawa kuliko kutoa majina aliyoyaandika. Jina lake Irena Sendler.

Alizaliwa mjini Warsaw tarehe 15 Februari 1910, akakulia Otwock, mji mdogo ulio karibu. Baba yake alikuwa daktari wa maskini, na wengi wa maskini hao walikuwa Wayahudi. Mwaka 1917 tifusi ilienea, ule ugonjwa unaoletwa na chawa. Daktari aliendelea kuwauguza wagonjwa wake, akaambukizwa, akafa. Irena alikuwa mtoto wa miaka 7 hivi. Wayahudi wa mahali pale walimjia mjane, wakataka kusaidia malipo ya masomo ya binti yake. Mama huyo alishukuru, akakataa. Lakini binti hakusahau kamwe ni watu gani waliokuja.

Alipokuwa msichana wa chuo kikuu, wanafunzi Wayahudi walilazimishwa kukaa kwenye viti vyao peke yao. Irena alipinga, akasimamishwa masomo. Baadaye akaajiriwa katika idara ya mji ya kuwasaidia maskini. Huko alijifunza kazi ile ambayo watu huiona ndogo: kutembelea, kuuliza, kuandika, kutafuta chakula na dawa.

Septemba 1939 Wajerumani waliingia Polandi. Mwezi wa Novemba 1940 waliufunga kwa ukuta mtaa wa Wayahudi wa Warsaw, wakawabana ndani watu zaidi ya 400,000. Njaa ikaua, baridi ikaua, tifusi ikaua. Tena tarehe 15 Oktoba 1941 ikatoka amri: Myahudi anayetoka mtaani bila ruhusa atauawa, na anayemficha atauawa pia.

Lakini Wajerumani wenyewe waliogopa tifusi. Kwa hiyo waliwaruhusu watumishi wa afya wa Kipolandi kuingia mle ndani kuzuia ugonjwa. Irena akapata cheti cha namna hiyo. Tazameni: ugonjwa uliomuua baba yake ndio uliomfungulia mlango. Akaingia siku kwa siku na mkate, dawa, fedha na nguo zilizofichwa. Akiwa ndani alivaa mkononi kitambaa chenye nyota, kama walivyolazimishwa Wayahudi, ili asitambulikane kati yao, na kuonyesha kwamba yuko upande wao.

Tarehe 22 Julai 1942 Wajerumani walianza kuwapakia watu katika magari-moshi. Kwa majuma tisa hivi waliwapeleka watu wapata 265,000 Treblinka, kambi iliyojengwa kwa kuulia watu. Tangu hapo Irena na wenzake hawakuwa tena na kazi ya kuingiza mkate tu, bali ya kutoa watoto.

Njia zilikuwa nyingi. Wengine walitolewa katika gari la wagonjwa, wengine katika tramu, wengine walipita katika mifereji ya maji machafu chini ya mji. Wengine walipitishwa ndani ya jumba la mahakama lililokuwa mpakani mwa mtaa. Watoto wachanga walinyweshwa dawa ya usingizi wasilie mbele ya askari.

Hata hivyo, ukuta na askari havikuwa kizuizi kigumu kuliko vyote. Kizuizi kigumu kilikuwa mlango wa nyumba. Ebu fikirini: mwanamke kijana, tena asiye na mtoto bado, anabisha hodi na kumwambia mama mwenzake, nipe mwanao nimpeleke mahali usipopajua. Mama anauliza: Unaweza kuniahidi kwamba ataishi? Irena alisema baadaye kwamba hakuweza kuahidi neno lolote, hata kwamba yeye na mtoto watafika nje ya ukuta wazima. Pengine baba alikubali na mama akakataa, au bibi akamng’ang’ania mjukuu. Irena akaondoka, akarudi kesho yake, na mara nyingine akakuta nyumba tupu, wote wamekwisha kupelekwa kwenye gari-moshi. Alipokuwa mzee sana bado alisikia usingizini vilio vya milango ile.

Tena ilikuwako hofu nyingine, na sisi Wakatoliki tusiipite haraka. Watoto wengi walipelekwa kwa masista, kama wale wa Familia ya Maria, waliokuwa chini ya Mama Matylda Getter, na kwa masista wa Turkowice. Wengine waliwekwa katika jamaa za Wakristu. Mapadri walitoa vyeti vya ubatizo. Watoto walifundishwa ishara ya msalaba na Baba Yetu, kwa maana Mjerumani akiwa na mashaka alimwamuru mtoto asali. Masista wale walihatarisha maisha yao, nasi tunawaheshimu. Lakini mzazi wa Kiyahudi alijiuliza: Je, mwanangu akiishi, atabaki mwanangu? Atajua ukoo wake na Mungu wa babu zake?

Jibu la Irena lilikuwa daftari, au tuseme vikaratasi vyembamba sana. Aliandika jina la kweli la mtoto, jina jipya alilopewa, na mahali alipowekwa. Mtoto alikuwa wa kurudishwa. Nasi Waafrika tunajua uzito wa jambo hilo: mtu anaulizwa kila mahali wewe ni mwana wa nani, naye asiye na la kujibu anaumia siku zote.

Mwishoni mwa 1942 watu wa Polandi waliunda chama cha siri cha kuwasaidia Wayahudi, kilichoitwa Żegota, na mwaka 1943 Irena akawekwa mkuu wa kazi ya watoto. Hutajwa watoto 2,500 waliookolewa. Hesabu hiyo ni ya watu wengi waliosaidiana, wengi wao wanawake, na mwenyewe hakupenda asifiwe peke yake.

Oktoba 1943 Gestapo, yaani polisi ya siri, walimjia usiku. Kabla hawajaingia, rafiki yake alizificha karatasi ndani ya nguo zake mwilini. Walipekua nyumba, hawakuziona. Irena alipelekwa gereza la Pawiak, akapigwa vibaya, asitaje jina hata moja. Akahukumiwa kifo. Wenzake wa Żegota wakamhonga Mjerumani mmoja, naye akamwachilia siku ya kuuawa. Jina lake likatangazwa mjini pamoja na majina ya waliouawa. Ikambidi ajifiche kama watoto wake. Mama yake alipokufa mwaka 1944, hakuweza kufika maziko.

Majina yalitiwa katika chupa na kufukiwa chini ya mti wa matofaa katika bustani ya rafiki. Baada ya vita alimpa Adolf Berman, kiongozi wa Wayahudi, ili watoto watafutiwe jamaa zao. Lakini wazazi wengi hawakuonekana tena.

Irena mwenyewe akawa mama baada ya vita tu. Alimzaa Janina mwaka 1947, kisha Andrzej, aliyekufa mchanga, kisha Adam. Adam naye akafa mwaka 1999, kabla ya mama yake. Tusimgeuze Irena kuwa sanamu ya kanisani: alikuwa mtu wa wasosialisti, na ndoa zake hazikudumu. Aliendelea na kazi ya kuwasaidia maskini na ya kuwafundisha wauguzi, na watu walio wengi hawakumjua. Wayahudi walimpa heshima mwaka 1965, lakini jina lake lilienea hasa baada ya 1999, wasichana wa shule moja ya Kansas, Marekani, walipotunga mchezo juu yake. Mwaka 2003 Papa Yohane Paulo II alimwandikia barua ya shukrani.

Kati ya watoto wale alikuwako Elżbieta Ficowska. Alitolewa mwaka 1942, wa miezi michache tu, amelazwa katika sanduku la mbao kati ya matofali. Pamoja naye walitia kijiko cha fedha kilichochorwa jina lake na siku yake ya kuzaliwa, 5 Januari 1942. Kwa muda mama yake mzazi alipiga simu kutoka ndani ya ukuta, asikie sauti ya mtoto tu. Kisha simu ikanyamaza.

Irena alipokuwa bibi kizee, Elżbieta alikuwa miongoni mwa waliokuja kumtunza. Mama Irena alikufa mjini Warsaw tarehe 12 Mei 2008, mwenye miaka 98.