Maua Yasiyogusa Ardhi

Asimamaye Mazimbu alfajiri, kabla jua halijakaza, huiona safu ya Uluguru imejitanda wingu hadi mabegani. Huku chini palikuwa shamba la mkonge. Kule juu, ndani ya wingu lile, huishi okidi ndogo ambazo tangu kuota hadi kufa hazigusi ardhi. Mimea hii miwili ilipishana njiani katika zama za Wajerumani.

Mkonge uliletwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ingali hai ilikuwa 62 tu. Okidi, kinyume chake, zilichukuliwa. Stuhlmann alipanda Uluguru mwaka 1894, Goetze mwaka 1898, na Schlieben katika miaka ya 1930. Walichuma, wakakausha, wakapeleka Berlin.

Walioyapa majina maua hayo aghalabu hawakuwahi kuyaona yakiwa hai. Okidi nyeupe ya misitu ya pwani, Aerangis kirkii, ina jina la John Kirk, balozi wa Uingereza mjini Unguja. Aliyelitoa jina hilo ni Reichenbach, akiwa Hamburg. Bwana huyo alikuwa na wivu wa ajabu. Alipofariki mwaka 1889, wasia wake uliamuru mkusanyo wake upelekwe Vienna na usifunguliwe kwa miaka 25. Rudolf Schlechter wa Berlin ikambidi aanze kujenga hazina yake mwenyewe. Ndiye aliyeziita okidi fulani ndogo mno, zitambaazo juu ya magome, Stolzia, mwaka 1915, kwa heshima ya Adolf Stolz, mmisionari wa Rungwe. Schlechter alifariki mwaka 1925. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliangukia Berlin, na mkusanyo wake wa okidi ukateketea.

Hivyo hazina moja ilifungiwa, nyingine ikaungua. Wataalamu wa Kew, Summerhayes na baadaye Cribb, waliandika upya habari za okidi za Afrika Mashariki katika vitabu vya 1968, 1984 na 1989. Lakini palipo na shaka, shahidi asiyeungua ni gome la mti wenyewe.

Na shahidi huyo hutunzwaje? Wengi hudhani okidi hunyonya mti, wakaibandua kama kupe. Huko ni kuisingizia. Mti ni kiti chake tu. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe kama sifongo, nayo hunywa ukungu na mvua. Microcoelia haina hata majani. Mizizi ndiyo ifanyayo kazi ya majani, na maua yake ni madogo. Kuipanda udongoni ni kuizika. Hufungwa juu ya kipande cha gome penye kivuli chepesi na upepo upitao, ikanyunyizwa maji asubuhi ili ikauke kabla ya usiku. Ile ya mawinguni ikishushwa kwenye joto la Mazimbu, itakufa kwa kiu ingawa inanyweshwa kila siku.

Kuizalisha ni kazi ngumu zaidi. Mbegu zake ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Porini haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa kuzilisha. Msitu ukifyekwa, kuvu naye huondoka.

Mazimbu imekwisha kubadilika mara mbili: ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC, na tangu mwaka 1992 ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Msitu wa mlimani ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Chini ya mipaka yake, mashambani, miti mikubwa michache ingali imesimama, na upepo wa masika huiangusha matawi. Okidi iliyoanguka na tawi huoza ikiachwa chini. Ikiinuliwa mapema hufungwa kwenye shina lililo hai kwa uzi wa pamba, wala si wa nailoni, kwani pamba huoza yenyewe wakati mizizi imekwisha kushika.