Jua linavyoumiza mwani wa kijani bwawani

Mfugaji wa perege anajua kwamba maji mazuri ya bwawa huwa ya kijani. Rangi hiyo ni mwani, viumbe vidogo mno kama klorela. Mwani hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, hutoa oksijeni mchana, nao huliwa na samaki. Lakini jua hilohilo huweza kuudhuru. Hapa tunaeleza namna gani.

Mionzi isiyoonekana

Mbali na mwanga tunaouona, jua hutoa mionzi ya urujuanimno ya aina tatu: A, B na C. Aina ya C yote huzuiwa angani, na sehemu kubwa ya B huzuiwa na tabaka la ozoni. Ile B kidogo inayopenya ndiyo hasa huunguza ngozi. Karibu na Ikweta mionzi hii ni mikali mwaka mzima.

Kinachotokea ndani ya seli

Mionzi ya B huharibu vinasaba vya mwani na sehemu zinazonasa mwanga. Hapo elektroni zilizopaswa kusaidia kutengeneza chakula huponyoka na kudakwa na oksijeni, nayo hugeuka kuwa kali. Kama oksijeni ya kawaida inavyolila jembe kwa kutu, oksijeni hii kali hushambulia utando wa seli, protini na vinasaba. Ikizidi uwezo wa seli kuituliza, wataalamu huita hali hiyo mkazo wa oksidisho. Mwani hudumaa, na ukizidiwa hufa.

Mwani hujikinga vipi?

Una vimeng'enya vya kuivunja oksijeni kali, una vitamini C, na una karotini, rangi ileile ya karoti. Ndiyo maana mwani wa maji ya chumvi uitwao Dunaliella hugeuka rangi ya chungwa jua likiwa kali.

Kwa mwenye bwawa

Maji maangavu hupitisha mionzi zaidi. Maji yenye kijani cha kutosha huukinga mwani ulio chini. Tumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea hapo, kijani kinatosha. Kikionekana wazi, ongeza samadi kidogo. Kikipotea mapema, acha kuweka mbolea, kwa sababu mwani mwingi hutumia oksijeni usiku na samaki huweza kukosa hewa alfajiri. Kijani kikigeuka kahawia ghafla, usililaumu jua peke yake: mwani unaweza kuwa unakufa kwa sababu nyingine pia. Ingiza maji safi upesi.