Mtaa wa Mawe wa Lamu na Sheria Iliyoulinda

Watu wengi wakisikia kwamba mtaa fulani umetangazwa na serikali kuwa urithi wa kale, hudhani kwamba kazi imekwisha na mtaa umeokoka. Katika habari hii nataka kuutazama mji wa Lamu, ambao sehemu yake ya kale ilitangazwa hivyo mwaka 1986 chini ya sheria ya Kenya ya mambo ya kale ya mwaka 1983. Nia yangu ni kuonyesha ni nini hasa ambacho sheria iliweza kukishika, na ni nini kilichokuwa kikilindwa na desturi tangu zamani bila karatasi yo yote.

Kwanza tuijue nyumba yenyewe. Nyumba ya mwungwana wa Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hushikwa na boriti za mkoko. Boriti hizo haziwezi kuvuka upana mkubwa, ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba. Mti ndio uliompimia fundi. Mbele pana daka, yaani kibanda cha mlangoni chenye baraza za mawe pande mbili, na hapo ndipo wanaume huzungumza na wapitao. Ukipita daka waingia tekani, na njia hupinda, hata aliye nje asiweze kuona kiwandani. (Neno kiwanda lisiwapoteze wasomaji wa bara: hapa maana yake ni ua ulio wazi juu.) Kisha ni misana miwili, ambayo kwa Kiamu huitwa wa tini na wa yuu, na nyuma yake ni ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, chenye zidaka ukutani. Basi kwa watu hawa “ndani” si neno la mahali tu, bali ni jina la chumba, na nyumba nzima imepangwa kwa kukikinga.

Lakini nyumba moja si mtaa. Desturi ya waungwana ilikuwa kwamba baba anayemwoza binti yake humpatia nyumba, na mume huhamia kwa mkewe. Kwa hiyo baba alijenga juu ya nyumba yake, au kando, au ng’ambo ya kichochoro. Akijenga ng’ambo, huenda akaziunganisha nyumba mbili kwa chumba kilichopita juu ya njia, nacho huitwa wikio. Chini yake watu na punda hupita. Juu, mama humwendea binti yake bila kuonekana njiani. Ndivyo mtaa wa Mkomani ulivyosongamana. Atazamaye kwa macho ya mgeni aona vichochoro vya ajabu. Ajuaye desturi aona ukoo ulioenea kwa mawe, akaweza hata kuhesabu arusi.

Wala tusiieleze habari hii nusu. Mawe yale yalibebwa na watumwa, na mali ya kujengea ilitoka katika mashamba ya bara waliyoyalima wao. Tangu mwaka 1896 reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, biashara ikaifuata. Na mwaka 1907 hali ya utumwa ikafutwa kwa sheria. Waungwana wakafukarika. Nami naona umaskini huo ndio uliozihifadhi nyumba kabla ya serikali yo yote, maana asiye na fedha habomoi ili ajenge upya.

Sheria ya kulinda mtaa mzima, si jengo moja, haikuanzia kwetu. Mji wa Charleston katika Marekani uliitunga mwaka 1931. Katika miaka ya 1970 Usam Ghaidan, mjuzi wa ujenzi, aliuchunguza mji wa Lamu na kuandika habari zake, na mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver wakatoa kitabu cha mpango wa kuuhifadhi. Ndipo likaja lile tangazo. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji wa kale, kama hekta 16, katika orodha ya urithi wa dunia. Sheria ya 1983 baadaye ilifuatwa na nyingine ya mwaka 2006.

Sasa mwenye nyumba hubomoi ukuta wala hubadili mlango kwa hiari yako. Agizo hili lina maana, kwa kuwa simenti hufungia unyevu ndani ya matumbawe na kuyaharibu, lakini kazi ya chokaa yataka siku nyingi na fundi aijuaye. Warithi wasioiweza gharama wengine wameuza, na wageni wa Ulaya wamenunua. Mara nyingi mgeni huitengeneza nyumba vizuri kuliko alivyoikuta, na mkaguzi hana la kumlaumu. Walakini wikio liliyojengwa kwa ajili ya binti sasa laelekea chumba cha mtu asiyejulikana. Ukuta umepona, ujamaa umekatika, na hapana kifungu cha sheria kiwezacho kumwamuru mtu kuozesha binti yake kando yake.

Tena, UNESCO katika sababu zake ilitaja kwamba Lamu imekuwa kituo cha walimu na elimu ya Kiislamu. Elimu hiyo kwa sehemu kubwa haikutoka katika nyumba za zidaka. Habib Saleh, aliyetoka visiwa vya Komoro, alifundisha Langoni, upande wa nyumba za udongo na makuti, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo watu wa chini na watumwa. Msikiti wa Riyadha ukainuka huko, na Maulidi yake huwavuta watu kutoka pwani nzima kila mwaka. Apendaye kupiga picha za milango ya Mkomani mara nyingi hupita Langoni haraka, akitafuta njia ya kurudi gatini.